Dorka wa Ngazi

Bwenini, Meru
4 Septemba 2025

Ndugu yangu Mamo,

Salaam aleikum. Mimi mzima, chakula ni kilekile, na maji ya kuoga ni ya baridi vile unayajua ya Meru. Hiyo ndiyo habari yote ya shule. Sasa nije kwa ya maana.

Leo ni Alhamisi. Saa hii wewe na Akko mmekaa mbele ya runinga mnangoja Mwale aanze, na mimi niko prepo ya jioni naangalia ukuta. Hapa simu ni marufuku, na runinga ya ukumbini ni ya habari peke yake. Kwa hivyo nakupa kazi. Kila kipindi kikiisha, niandikie. Lakini usiniandikie ya Mwale mwenyewe. Huyo najua atapaa, atatoa mwanga mikononi, atavunja gari la mtu na hataomba msamaha. Niandikie ya Dorka.

Usicheke. Najua wewe humwoni. Kwako Dorka ni yule mama wa kufagia ngazi za jumba analokaa Mwale, mwenye funguo kiunoni, anayetokea dakika mbili akisema "Vua viatu" halafu basi. Lakini hebu mwangalie vizuri. Polisi wakija, ni nani huwaambia kijana ana homa ya tumbo? Mwale akirudi mabega yameungua, ni nani humwekea ndoo ya maji mlangoni bila kubisha, ili asijue kwamba anajua? Jiji lote linaokolewa kila wiki, na hakuna mtu ameuliza nani anamfulia mwokozi.

Barua usitume kwa posta, madam wa bweni huzifungua. Mpe Murithi wa lori la vitunguu. Akitoka mashamba ya Burat hupitia jikoni kwetu, na mpishi atanipatia.

Msalimie Akko. Mwambie mjukuu wake anakula, hata kama anakula githeri.

Dada yako,
Abiba


Wabera, Isiolo
12 Septemba 2025

Abiba msomi,

Aleikum salaam. Barua imefika, inanuka vitunguu. Nimeacha abiria pale stendi ya boda nikakuja kuandika habari za mama wa ufagio. Kweli elimu ni bahari, na wewe umeamua kuzama.

Haya. Jana Mwale aliamka hana nguvu. Ananyoosha mkono, hakuna kitu, hata taa ya mfukoni inamshinda. Akakaa kwa ngazi analia. Dorka akashuka, akamwangalia, nikasema sasa atamkumbatia. Wapi. Alimpa ufagio. Akamwambia, "Ngazi za chini hazijaguswa." Na yule jamaa akafagia, Abiba, shujaa mzima, kutoka juu mpaka mlangoni. Alipomaliza alikuwa ameacha kulia. Nguvu hazikurudi, lakini alikula chakula.

Na mimi karibu nikose hiyo sehemu, nilikuwa nimeenda kumimina chai. Akko ndiye aliniita nirudi kazini. Si unajua kazi yangu ya Alhamisi: wale wa runinga wanaongea Kiswahili chao cha pwani, mimi namgeuzia Akko kwa Kiborana, halafu yeye anawajibu kama wako hapo kwa mkeka.

Anasema Dorka wako ni mjinga. Ati utamfuliaje mtoto wa wenyewe bure? Nikamkumbusha vile alimlisha Umuro wa jirani hadi akaota ndevu. Akasema runinga ina kelele, niipunguze.

Anasema pia mtihani uupite, kwa sababu tangu Mama afariki ametulea na mkono mmoja na ule mwingine anauhitaji. Sijui maana yake. Nimeandika tu vile amesema.

Mamo


Bwenini, Meru
21 Septemba 2025

Mamo,

Ile barua nilimsomea Farhiya, yule wa karibu na msikiti wetu, kitanda chake kiko juu ya changu. Akacheka mpaka wengine wakaja. Sasa Jumapili baada ya kufua nguo tunakaa nyuma ya bweni, na mimi nasoma. Wasichana wa Mwale walikuwa wengi. Wamepungua. Kuna mmoja kutoka Maua amesema akiolewa hataki bwana wa kupaa, anataka wa kuweka ndoo mlangoni.

Wacha nikuambie kwa nini nampenda. Sisi wa kidato cha nne kila mtu anatuambia tutang'aa. Mjomba Huka aliponileta alisema mbele ya walimu kwamba mimi ni taa ya ukoo. Nilitamani ardhi inimeze. Mwale pia wanamwambia hivyo, taa ya jiji, na ukiangalia macho yake ni mtu amechoka. Dorka peke yake hamwambii. Anamwambia avue viatu. Mbele ya Dorka anaweza kuwa mtu wa kawaida mwenye soksi chafu.

Nyumbani kwetu mimi hupumzika hivyo. Akko hajawahi kuniita taa. Ananiita mvivu wa vyombo.

Karatasi ya kwanza ya mtihani ni Jumatatu, tarehe tatu Novemba. Niandikie ya wiki hii haraka.

Abiba


Wabera
4 Oktoba 2025

Abiba,

Salaam. Nimechelewa, unisamehe. Kazi imekuwa nyingi.

Nikuambie ya Dorka. Kwa lile jumba kuna mama mzee, hajawahi kuonyeshwa mbeleni, anakaa ghorofa ya pili. Amekuwa mgonjwa wa kitandani. Watoto wake wako mbali. Basi Dorka akaanza kumwangalia.

Siku ya kwanza hakujua hata mahali pa kumshika. Ukimshika chini ya kwapa analia, ukimshika mgongo analia. Akasimama hapo na mikono imening'inia, mtu ambaye huwa anajua kila kitu. Mwishowe yule mzee mwenyewe akamwonyesha, kwa hasira, kama anafundisha mtu mjinga kukamua.

Halafu kumwosha. Yule mama aliona aibu, akageuza uso ukutani. Dorka akachukua shuka akamfunika mwili wote. Akaosha upande mmoja, akaufunika, akafunua mwingine kidogo, na wakati wote alikuwa anamsimulia umbea wa wapangaji. Nani amegombana na nani, nani ameleta mbuzi ndani ya nyumba. Mpaka yule mzee akasahau kuona aibu, akageuka akauliza, "Mbuzi wa rangi gani?"

Nywele ndizo zilichukua muda. Alizichana kutoka chini kwenda juu, fundo moja moja, na mafuta. Mwanamke mpangaji alikuja kusaidia, akamwambia wacha nifanye mimi, wewe umechoka. Akakataa kumwachia zile nywele.

Mwale hakutokea kipindi kizima. Sijui alikuwa wapi.

Akko yuko, amelala. Anakusalimu.

Mamo


Bwenini
12 Oktoba 2025

Mamo,

Nilisoma ile barua nyuma ya bweni. Farhiya aliinuka akaenda kunawa uso. Yule wa Maua aliuliza kama naweza kurudia pale pa shuka.

Nimefikiria sana nani aliandika kipindi hicho huko kwao. Huyo amewahi kumuuguza mtu. Mwingine angeweka muziki, angemfanya yule mzee atoe baraka na machozi. Huyu ameandika "mbuzi wa rangi gani." Na mtu akichana nywele za mwingine kutoka chini kwenda juu, hiyo hakusoma kwa kitabu. Nilikuwa nampenda Dorka kwa sababu ni mkali na anaficha wema wake. Sasa nampenda kwa sababu alisimama na mikono imening'inia na bado hakuondoka. Kupaa ni rahisi kama umezaliwa na nguvu. Kubaki ndani ya chumba ambacho hujui ufanye nini ndiko kugumu. Nikiwa daktari, Inshallah, nataka niwe hivyo.

Wewe huwa unaniandikia mistari michache na matusi. Hii ilikuwa kurasa tatu na haina tusi hata moja. Nimeanza kukuheshimu, usizoee.

Lakini umesahau: Akko alisema nini kuhusu yule mzee? Najua hakukaa kimya.

Abiba


Wabera
19 Oktoba 2025

Abiba,

Salaam. Fupi tu, Murithi ananingoja.

Dorka bado yuko na yule mzee. Sasa anamgeuza usiku na mchana, kwa sababu mtu akilalia upande mmoja ngozi inachubuka. Amejifunza kukunja blanketi akaiweka katikati ya magoti. Mwale alipita mlangoni akauliza kama anahitaji msaada, akamwambia nenda ukaokoe jiji lako. Halafu Mwale akaenda kweli. Nafikiri Dorka alitaka abaki.

Akko anasema ni vizuri.

Soma vitabu. Usifikirie nyumbani, nyumbani ni sawa.

Mamo


Bwenini
30 Oktoba 2025

Mamo,

Farhiya alienda nyumbani kung'olewa jino. Amerudi jana. Alhamisi aliyokuwa huko aliangalia Mwale na dada zake, na Dorka hakuwepo. Akauliza. Wakamwambia Dorka alikufa mwezi wa tisa mwishoni. Alianguka kwa ngazi akimzuia mwizi asifike kwa Mwale. Akazikwa, Mwale akalia, sasa ngazi zinafagiwa na kijana mwingine. Na hakuna mama mzee wa ghorofa ya pili. Hajawahi kuwepo.

Kwa hivyo zile barua mbili ulitunga.

Sikukasirika kwa ajili ya Dorka. Nililia, ndiyo, lakini si ndiyo maana nimeandika. Nilizichukua barua zako zote nikazisoma tena. Akko amelala, anakusalimu. Akko anasema ni vizuri. Mamo, Akko tangu azaliwe hajawahi kusema kitu ni vizuri. Yule anayeongea kwa barua zako za Oktoba si Akko.

Unamkumbuka Kalicha, aliyekuwa mbele yetu mwaka jana. Baba yake alizikwa kabla ya mtihani na watu wote wakajua, walimu, mpishi, hata watchman. Alipiga simu nyumbani kwa simu ya madam, akaambiwa baba yuko kwa ng'ombe. Siku ya mwisho alitoka langoni na sanduku lake anacheka, amenunua zawadi ya baba. Akafika akakuta wanawake wamekaa kwa mkeka wa matanga. Kila mtu alisema wamefanya vyema, mtoto wa mtihani haambiwi. Alipata alama nzuri. Mpaka leo haongei na mama yake.

Mamo, Akko yuko hai?

Usinitumie simu ya madam, siiamini. Usinitumie mjomba Huka. Nataka neno la Akko mwenyewe, na nitajua kama ni lake. Siku niliyoondoka aliniita chumbani akaniambia kitu ambacho wewe hukusikia. Akiwa hai atakisema. Jumapili jioni nisipopata hiyo barua, Jumatatu asubuhi sitaingia kwa karatasi. Nitaruka ua nikuje Isiolo kwa miguu, na huo mtihani wataufanya wao.

Abiba


Wabera
1 Novemba 2025

Abiba,

Habari yako. Huu ni mwandiko wa Natabo, jirani. Nyanya yako amemkataza Mamo asiandike, anasema mwandiko wa Mamo umezoea uongo. Anaongea kwa Kiborana na mimi naweka kwa Kiswahili, Kiborana changu ni cha kukulia hapa Wabera, kwa hivyo kama kuna kosa ni langu. Sasa ni yeye.

Nagaa, amani, mjukuu wangu. Niko hai. Sikuwa na nia ya kufa, na kama ningekuwa nayo singewaachia hawa wakutangazie.

Mwezi uliopita karibu uanze nilianguka bafuni. Nyonga imevunjika. Hospitali walisema mfupa wa umri wangu wataufunga na Mungu atamalizia. Nimelala kwa kitanda chako, kwa sababu ni kirefu. Huka alikuja akasema Abiba asijue. Nikasema aambiwe. Akasema ni mtihani, nikasema ni nyanya. Akainuka akaenda, na huyu ndugu yako akamsikiliza mwanaume mwenzake.

Ile Alhamisi niliporudi kutoka hospitali, yule mama wa funguo alianguka kwa ngazi. Nilimwona na macho yangu. Mamo akanigeuzia, ati amelala, ati amesafiri kwa ndugu yake Moyale. Moyale, Abiba, na jeneza liko hapo. Nimevunjika nyonga, sijavunjika macho. Lakini nilimwangalia uso nikaona ni yeye ndiye hawezi kusikia hilo neno la kufa. Nikamwambia Moyale ni kuzuri, atapata maziwa.

Tangu siku hiyo pikipiki amempa Umuro. Natabo anakuja asubuhi, ananiosha mahali mwanamke anaosha. Hayo mengine ni huyu kijana. Nywele zangu amekataa zisiguswe na mtu. Mwanzo alikuwa ananivuta kama gunia, nikamtukana, sasa ameshika.

Siku ile chumbani nilikuambia usiniletee bwana kabla hujaniletea cheti. Nimesema. Natabo amecheka, amejua siri yetu sasa, ni sawa.

Ingia kwa mtihani. Na nakuahidi hivi, na wamekaa hapa wanasikia. Nikizidiwa, utaitwa siku hiyohiyo, hata kama umeshika kalamu. Uje au ukae, hiyo utachagua wewe. Lakini hutafika hapa ukute mkeka. Nimemwambia Huka kwa simu. Amekasirika. Akasirike tu.

Mimi Tuye, nyanya yako


(Karatasi hiyohiyo, upande wa nyuma)

Abiba,

Ni mimi. Wamenipa upande wa nyuma.

Sina cha kujitetea. Nilikaa niandike vile Dorka alianguka kwa ngazi, na siku chache kabla nilikuwa nimemwokota Akko bafuni. Hilo neno likakataa kuandikika. Nikasema wacha huyu mmoja nimwache hai kwa wiki moja. Halafu ukaniuliza tena. Kitu kingine cha kuandika sikuwa nacho, siku yangu yote ilikuwa ile tu. Basi nikampa Dorka.

Nilikuwa na hofu, na hakuna mtu wa kuambia. Kuambia wewe bila kukuambia ndiyo njia niliipata. Uliposema kuna mtu amewahi kumuuguza mtu nililia kwa choo kama mtoto. Nisamehe.

Mamo


Bwenini
2 Novemba 2025

Mamo,

Barua imefika. Mpishi alikuja kunitafuta mpaka msalani. Nilipoona mwandiko si wako nilikaa chini hapohapo kwa mlango wa jikoni nikaanza kusoma kutoka kwa hilo neno la cheti, nikarudi juu.

Bado nina hasira na wewe. Nimejaribu iishe leo, haijaisha. Uliniona mimi ni kitu cha kuwekwa kwa kabati kisivunjike. Kuanzia leo hunifichi kitu, hata kama ni kibaya, hata kama mjomba amesema nini.

Lakini wasichana wamenisumbua jioni yote, ati Dorka yuko wapi kama si kwa runinga. Nikawaambia ukweli. Nikawaambia yule wa runinga alikuwa mzuri na amekufa, Mungu amsamehe mwandishi wake. Huyu mwingine, mwenye shuka na umbea wa mbuzi, ni kaka yangu, anaendesha boda Wabera na hajui kupika hata uji. Yule wa Maua ameuliza kama una mchumba. Nimemwambia asubiri nimalize kukasirika.

Nilipoandika nataka kuwa daktari wa namna hiyo, nilikuwa nasema wewe. Sikujua. Sasa najua, na sirudishi neno.

Kesho nitaingia kwa karatasi. Naogopa, lakini ni woga wa hesabu, si ule mwingine. Akizidiwa niite. Akko ameahidi na wewe ukisikia, na Natabo ni shahidi.

Nikimaliza karatasi ya mwisho msinijie langoni, na mjomba asikodi gari. Ubaki hapo na yeye. Nitakuja na Murithi, nikae juu ya magunia. Nikifika sitaki chai, sitaki maswali ya mtihani. Nitaenda moja kwa moja chumbani kwangu nimgeuze Akko mwenyewe, anitukane mpaka nishike. Wewe tafuta mahali penye kivuli ulale, na mtu asikuamshe.

Dada yako,
Abiba